Mbona Asubuhi Maji Hayafiki? Kufundisha Kanieneo ya Maji Yapitayo Bombani

1. Swali lililotukuta darasani

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la sita kumsikiliza mwanachuo wetu akifundisha somo la kanieneo ya maji. Andalio lake la somo lilikuwa safi na zana zake zilikuwa tayari. Baada ya majaribio mafupi aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Maji hutoka mahali pa juu kwenda mahali pa chini. Koki iliyo chini ya tangi hupata maji." Wanafunzi wakasoma kwa sauti moja, nao wakaanza kunakili.

Ndipo mtoto mmoja alipoinua mkono. "Mwalimu," akauliza, "shule yetu iko chini ya tangi. Mbona usiku maji yanafika na asubuhi hayafiki? Usiku shule haijashuka, wala asubuhi tangi halijashuka."

Mwanachuo alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Hilo waulize mafundi wa maji. Sisi tuendelee na somo." Mtoto akakaa, na somo likaendelea hata kengele ikalia.

Baada ya kipindi, mwanachuo alitukiri kwa unyenyekevu kwamba hakulijua jibu. Nasi wakufunzi tulipojaribu kumweleza tukagundua kuwa maelezo yetu yalikuwa mazito kuliko swali lenyewe. Jambo lile halikuwa dogo. Watoto walikuwa wakibeba ndoo kutoka bondeni kila asubuhi kabla ya masomo, na baadhi ya wazazi wa upande wa shule walikwisha kuamini kwamba mlinzi wa tangi huwafungia maji ili kuwapendelea watu wa bondeni. Mtoto aliuliza swali la sayansi, lakini jibu lake lilihusu pia heshima ya mtu.

Katika makala haya tutajaribu kueleza mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuyajua kabla ya kulijibu swali kama hilo, kisha tutaonyesha jinsi ya kuwafanya wanafunzi walione jibu kwa macho yao wenyewe.

2. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

(a) Maji yaliyotulia

Maji yaliyotulia ndani ya bomba lililojaa yana kanieneo inayotegemea kimo tu. Haidhuru bomba ni nene au jembamba, refu au fupi, limenyooka au limepinda. Tukitaka kujua kanieneo ya mahali fulani, tunapima ni mita ngapi za wima kutoka uso wa maji tangini hadi mahali hapo. Kila mita moja ya kimo huleta kanieneo ya kilopaskali 10 hivi, na kimo cha mita 10 huleta kanieneo inayokaribia kuwa sawa na ile ya hewa inayotuzunguka.

Kwa sababu hiyo, tukisimamisha mrija mwangavu juu ya bomba lenye maji yaliyotulia, maji yatapanda mrijani hadi yawe sawasawa na uso wa maji tangini. Tukisimamisha mirija kumi mahali kumi, yote kumi itaonyesha usawa ule ule. Sheria aliyoiandika mwanachuo ubaoni inalingana na hali hii ya utulivu.

(b) Maji yanayokwenda

Koki inapofunguliwa, maji huanza kwenda, na mambo hubadilika. Maji yanayokwenda husuguana na kuta za bomba, na chembe za maji zenyewe husuguana. Msuguano huo hula sehemu ya kanieneo katika kila mita ya safari. Mirija yetu kumi haitaonyesha tena usawa mmoja. Ule ulio karibu na tangi utabaki juu, unaofuata utakuwa chini kidogo, na wa mwisho utakuwa chini zaidi. Tukiunganisha vichwa vya maji katika mirija hiyo kwa uzi, uzi utalala kwa mteremko. Mteremko huo tutauita mteremko wa kanieneo.

Hapa ndipo penye kiini cha somo zima. Maji yakiwa yametulia, mstari wa kanieneo ni wa mlalo, na koki yoyote iliyo chini ya uso wa maji ya tangi hupata maji. Maji yakiwa yanakwenda, mstari huo huinama. Koki hupata maji ikiwa iko chini ya mstari ulioinama. Kuwa chini ya tangi peke yake hakutoshi.

(c) Hesabu ya kijiji chetu

Tuchukue mfano wenye tarakimu nyepesi. Uso wa maji ya tangi uko mita 50 juu ya alama tuliyochagua kupimia. Bomba linashuka mita 1,000 hadi bondeni, ambako vituo vya kuchotea maji viko mita 10 juu ya alama ile. Kutoka hapo bomba linapanda kilima cha pili hadi shuleni, na koki ya shule iko mita 40 juu ya alama. Basi shule iko chini ya tangi kwa mita 10.

Usiku koki zote zimefungwa. Bondeni kuna kimo cha mita 40 za maji, na shuleni kuna kimo cha mita 10. Mtu akifungua koki ya shule, maji yanatoka.

Asubuhi koki za bondeni zinafunguliwa zote kwa pamoja. Tuseme kwa mwendo huo msuguano unakula mita 1.5 katika kila mita 100 za bomba. Hadi bondeni mita 15 zimekwisha kuliwa. Mstari wa kanieneo ulioanza mita 50 sasa umefika mita 35. Watu wa bondeni wako mita 10, kwa hiyo wamebakiwa na kimo cha mita 25, na maji yao yanatoka kwa nguvu. Koki ya shule iko mita 40, yaani mita 5 juu ya mstari. Maji katika bomba la kupandia kilima yatasimama kwenye usawa wa mita 35 na hayatapanda zaidi. Koki ya shule ikifunguliwa wakati huo haitoi maji, bali huvuta hewa, na pengine watoto husikia ikifanya sauti ya kufyonza.

Basi hakuna aliyefunga kitu. Tangi limejaa, bomba ni zima, mlinzi hana kosa, na watu wa bondeni wanachota maji yao bila kujua kwamba kuchota kwao kwa pamoja kumeuinamisha mstari.

(d) Wingi wa maji na upana wa bomba

Mwalimu ayajue pia mambo mawili yanayoukuza au kuupunguza mteremko huo. La kwanza ni wingi wa maji yanayopita. Katika mabomba ya kawaida ya maji, wingi huo ukizidi mara mbili, hasara ya msuguano huzidi karibu mara nne. Kinyume chake, ukipungua kuwa nusu, hasara hushuka kuwa karibu robo. Katika mfano wetu, kama nusu tu ya maji yale yangechotwa bondeni kwa wakati mmoja, hasara ingekuwa mita 4 hivi badala ya 15. Mstari ungefika bondeni kwenye mita 46, juu ya koki ya shule, na shule ingepata maji.

La pili ni kipenyo. Bomba lenye nusu ya kipenyo, likilazimishwa kupitisha maji yale yale, hupoteza kanieneo karibu mara 32 zaidi. Ndiyo maana fundi anayepunguza gharama kwa kununua bomba jembamba huweza kukiacha kijiji kizima bila maji, ingawa tangi lake ni kubwa na kilima chake ni kirefu.

Ndani ya bomba nako kuna neno. Henry Darcy, mhandisi wa Ufaransa aliyeuletea mji wake wa Dijon maji ya chemchemi mwaka 1840, baadaye alipima mtiririko katika mabomba ya aina na vipenyo mbalimbali, akachapisha matokeo yake mwaka 1857. Alionyesha kwamba bomba lililokwaruza ndani, kwa mfano lililoota kutu, hupoteza kanieneo zaidi kuliko bomba laini. Kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hata leo kwa hesabu hizi inabeba jina lake pamoja na la Julius Weisbach wa Ujerumani.

(e) Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki

Mwalimu akitaka mfano wa nje ya kijiji, autaje mji wa Mombasa. Sehemu ya maji ya mji huo hutoka katika chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 lililojengwa katika miaka ya 1950. Maji hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Chemchemi ziko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Tukigawanya mita 600 kwa kilomita 200 tunapata mita 3 kwa kila kilomita. Kwa wastani, hicho ndicho kipimo walichopewa wajenzi kuutumia msuguano. Wangechagua bomba jembamba mno, msuguano ungetaka zaidi ya hapo, na maji yaliyotakiwa yasingefika pwani. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kabisa kuifanya hesabu hii ya kugawanya, nao wataona kuwa hesabu si jambo la daftari tu.

3. Zana za somo

Zana hizi hupatikana kwa urahisi:

- ndoo moja yenye tundu karibu na kitako;
- mpira wa kumwagilia bustani wenye urefu wa mita 6;
- vipande vitatu vya mrija mwangavu wa plastiki, kila kimoja mita 1.2;
- maganda matatu ya kalamu za wino, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na nta ya mshumaa;
- fimbo tatu zilizotiwa alama za sentimita, uzi, kopo la lita moja, na saa yenye mshale wa sekunde.

Unganisha mpira na tundu la ndoo, ukafunge kwa mpira wa baiskeli uliovutwa vizuri. Laza mpira sakafuni, umenyooka. Uutoboe mahali patatu, mita 1, mita 3 na mita 5 kutoka kwenye ndoo. Kila tundu litie ganda la kalamu, lizungushie mpira wa baiskeli, kisha vika mrija mwangavu juu yake na uufunge kwenye fimbo iliyosimama wima. Maganda mengi ya kalamu yana kitundu kidogo ubavuni, nacho kizibwe kwa nta. Ndoo iwekwe juu ya dawati na kigoda, hata uso wa maji uwe mita 1 juu ya mpira.

Mwalimu alifanye jaribio hili peke yake siku moja kabla ya somo. Viungo vitavuja mara ya kwanza, na ni afadhali vivuje mbele yake kuliko mbele ya wanafunzi arobaini. Maji yakingwe katika karai yapate kurudishwa ndooni au kupelekwa bustanini. Pale maji yanapobebwa kichwani, mwalimu asiyamwage bure.

4. Hatua za somo

Hatua ya kwanza. Ziba mwisho wa mpira. Jaza ndoo. Kabla maji hayajatulia, waulize wanafunzi: "Maji yatapanda hadi wapi katika kila mrija?" Waandike makisio yao. Kisha waone: mirija yote mitatu imesimama sawa na uso wa maji ya ndoo. Vuta uzi kutoka ndoo hadi mrija wa tatu. Uzi ni wa mlalo. Hii ndiyo hali ya usiku kijijini.

Hatua ya pili. Uliza tena: "Nikifungua mwisho wa mpira, mirija itakuwaje?" Wengi watasema kwamba itashuka sawasawa yote. Usiwasahihishe. Fungua, na mwanafunzi mmoja aendelee kujaza ndoo ili uso wa maji usishuke. Mirija itashuka kwa ngazi. Kwa mpira wa kipenyo cha milimita 12 hivi, tarajia vipimo vya karibu sentimita 75, 45 na 15. Kila mita ya mpira imekula sentimita 15 hivi. Vuta uzi tena. Sasa umelala kwa mteremko. Wape wanafunzi nafasi ya kutazama kimya kabla hujasema neno.

Hatua ya tatu. Pima wingi wa maji kwa kopo la lita moja na saa. Kopo litajaa kwa muda wa sekunde 8 hivi. Kisha minya mwisho wa mpira hadi kopo lijae kwa sekunde 16, yaani nusu ya mwendo wa kwanza. Mirija itapanda na uzi utalala kwa mteremko mdogo. Wanafunzi wapime wenyewe, wagundue kwamba hasara imepungua kupita nusu.

Hatua ya nne. Bandika karatasi kwenye mrija wa kati, kwenye sentimita 60, uandike "SHULE". Mwisho wa mpira, ulio chini sakafuni, uite "BONDENI". Ziba mwisho: maji yanapita alama ya shule. Fungua wote: maji yanashuka chini ya alama, na bondeni yanaendelea kutoka. Minya nusu: maji yanapanda tena juu ya alama. Sasa mwite mtoto aliyeuliza swali, umpe yeye kazi ya kufungua na kuziba. Mwalimu asilitoe jibu; mkono wa mtoto utalitoa.

Hatua ya tano. Wanafunzi wajadiliane: shule ifanye nini? Tumeona watoto wakitoa wenyewe mapendekezo ya kweli: bomba nene zaidi kutoka tangini; zamu za kuchota maji bondeni; au tangi dogo juu kidogo ya usawa wa koki ya shule, linalojaa usiku mstari unapokuwa juu, na kutumiwa mchana. Kila pendekezo lipimwe kwa mirija na uzi, si kwa kupiga kura.

5. Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni lile la kopo la matundu matatu. Vitabu vingi huchora mruko wa tundu la chini ukifika mbali kuliko mingine yote. Kopo likisimama juu ya meza na maji yakaangukia meza ile ile, mruko utakaofika mbali zaidi ni wa tundu la kati, kwa sababu maji ya tundu la chini hugusa meza kabla ya kupata nafasi ya kwenda. Mwanafunzi anayetazama vizuri ataliona hilo, na mwalimu anayeshikilia picha ya kitabu atamfundisha kutoyaamini macho yake. Liinue kopo juu ya meza kwa kimo kisichopungua kimo cha kopo lenyewe, ndipo mruko wa chini utakapofika mbali zaidi.

Kosa la pili ni kudhani kuwa bomba jembamba huongeza nguvu ya maji. Watoto watakuambia: "Ukibana mdomo wa mpira kwa kidole, maji huruka mbali." Wanasema kweli. Lakini kidole kinapunguza maji yanayopita, kwa hiyo msuguano katika mpira mzima unapungua, na kanieneo nyuma ya kidole inapanda. Mirija imekwisha kuonyesha jambo hilo katika hatua ya tatu. Bomba lililo jembamba tangu mwanzo hadi mwisho ni jambo jingine: hilo hula kanieneo njiani.

Kosa la tatu ni kuzungumza juu ya mwendo wa kasi mahali ambapo msuguano ndiyo sababu kubwa. Ni kweli kwamba sehemu ya kanieneo hugeuka kuwa mwendo, kama alivyoeleza Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738. Lakini maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yametumia kimo cha sentimita 5 tu kwa ajili ya mwendo huo. Katika bomba la kilomita moja, sentimita 5 si kitu mbele ya mita 15 za msuguano.

Kosa la nne ni kusahau afya. Mstari wa kanieneo unaposhuka chini ya bomba, bomba hufyonza. Likiwa na ufa katika tope, au mpira uliovikwa kwenye koki ukiachwa ndani ya ndoo ya maji machafu, uchafu huweza kuvutwa ndani. Watoto wafundishwe kuufunga na kuuinua mpira baada ya kazi.

6. Hitimisho

Mwanachuo wetu alilirudia somo lile wiki iliyofuata, kwa ndoo, mpira na mirija. Alianza kwa kumwambia yule mtoto mbele ya darasa: "Swali lako la juzi lilikuwa zuri, nami sikulijua jibu. Leo tutalitafuta pamoja." Hatukuona heshima yake ikipungua hata kidogo. Siku ya wazazi, watoto waliipanga mirija uwanjani wakaeleza kwa zamu. Mlinzi wa tangi alisimama mbele, akatazama maji yakishuka chini ya alama ya shule, akamwomba mtoto afungue na kuzibua mara ya pili ili wote waone. Hatusemi kuwa somo moja lilimaliza shida ya maji. Bomba lilibaki lile lile. Lakini mazungumzo ya mkutano yalihama kutoka kwa mlinzi yakaenda kwenye bomba, na hapo ndipo shida ilipokuwa.

Ndugu mwanachuo, utakapokuwa darasani utaulizwa maswali usiyoyajua. Usimpeleke mtoto kwa mafundi ili upate kuendelea na andalio lako. Mwambie asubiri, ulitafute jibu, urudi nalo likiwa na zana.

Maswali ya kujadiliana chuoni

1. Kwa tarakimu za sehemu ya 2(c), koki ya shule ingetakiwa iwe kwenye kimo gani ili ipate maji hata asubuhi?
2. Ukisogeza alama ya "SHULE" kutoka mrija wa kati hadi mrija wa kwanza, kwenye sentimita 60 zile zile, nini kitabadilika, na kwa nini?
3. Andaeni somo la dakika 40 kwa shule isiyo na bomba lolote jirani. Ni jambo gani la maisha ya wanafunzi hao mtakaloanzia?